Pangani au Nungwi: Likizo Hii ni ya Nani?

Ndugu msomaji, kila inapokaribia Desemba, shule zikawa zinafungwa na karatasi ya likizo imekwisha kutiwa sahihi, huzuka katika nyumba nyingi za wafanyakazi swali ambalo wazee wetu hawakulijua. Wao likizo yao ilikuwa moja tu: kwenda kijijini kuwaamkia wazazi, kusaidia kupalilia, na kurudi mjini na gunia la mahindi juu ya basi. Wengi wetu tungali tunafanya hivyo, na tunafanya vyema. Lakini mara moja katika miaka kadhaa, mfanyakazi aliyejiwekea akiba kidogo hutamani kuwapeleka watoto wake wakaione bahari, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Baba anataka mji uliotulia, mama anataka mji uliochangamka, na watoto wanataka popote penye maji.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Juu ya likizo ya mke wa mfanyakazi, sheria hiyo haisemi lolote. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Mimi ni mfumaji. Kwa miaka zaidi ya 20 nimesimama katika ukumbi wa mitambo ya kufumia nguo mjini Morogoro, kazi yangu ikiwa kutembea baina ya mitambo, kuutazama uzi uliokatika, kuufunga, na kuuwasha mtambo tena. Mgeni aingiapo humo kwa mara ya kwanza huziba masikio kwa viganja. Sisi wenyeji huzungumza kwa mikono na kwa kusomana midomo, na mtu akitaka kukutania humkuta mwenzake amekwisha kucheka kabla maneno hayajamalizika. Miaka ya mwanzo tulifanya kazi bila vizibo vya masikio, wengine kwa kuvikosa na wengine kwa kuvidharau. Nami, sina budi kukiri, nilikuwa miongoni mwa waliodharau. Mwaka 2017 daktari aliniambia kwamba sauti nyembamba zimekwisha kuanza kunipotea. Sauti nyembamba, ndugu msomaji, ni sauti za wanawake na watoto. Ya msimamizi wetu wa zamu, mwenye koo kama la fahali, naisikia bila taabu yoyote.

Mke wangu, Mama Zuhura, kazi yake ni kushona. Wakati huo cherehani yake ilikuwa barazani kwetu, na sauti aliyoisikia mchana kutwa ilikuwa ya cherehani hiyo na ya kuku wa jirani. Wateja walikuja mmoja mmoja, wakapimwa, wakaenda zao. Kuna siku, aliniambia, alikuwa hatamki neno tangu nilipotoka asubuhi hadi watoto waliporudi shuleni.

Basi mwaka 2018, tulipopata mgawo wetu katika chama cha akiba na mikopo, nikatangaza kwamba safari hii tutakwenda baharini, na kwamba tutakwenda Pangani. Mama Zuhura akasema yeye angependa Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya Unguja, ambako mdogo wake anafanya kazi ya kufua katika hoteli. Alikwisha kusikia habari zake: watu wa kila taifa, ngoma, vibanda vya chakula, mashua zikiingia na kutoka. Mimi nikaitumia hoja ya nauli. Kwenda Pangani ni basi tu. Kwenda Nungwi ni basi hadi Dar es Salaam, kisha boti, kisha gari la abiria la kutoka Darajani karibu kilomita 60. Nilishinda. Mume hushinda kwa urahisi sana katika hoja za nauli, maana ndiye aliyezishika fedha.

Tulipita Chalinze na Segera, tukalala Tanga, na asubuhi tukashika barabara ya kusini, ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi. Tuliyapita magofu ya Tongoni na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama uzi juu ya mtambo. Pangani wenyewe ni mji mdogo uliokaa mdomoni mwa mto uletao maji ya Kilimanjaro na Meru hadi baharini. Upande wa pili ni Bweni, na kuvuka tulivuka kwa pantoni, kwani ujenzi wa daraja ulikuja kuanza baadaye. Saa nane mchana barabara ya mbele ya mto ilikuwa tupu. Nyumba za kale zenye milango ya nakshi zilikuwa zimefungwa madirisha, paka wamelala vizingitini, na mtu pekee aliyekuwa akienda ni muuza kahawa. Nilisimama nikapumua. Nilisikia maji yakipiga ukingo.

Mzee mmoja tuliyezoeana naye barazani alinicheka niliposema nimeupenda mji wake kwa ajili ya ukimya. Akanikumbusha kwamba katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari yenye makelele kuliko nyingi za Mrima: misafara ya bara ikishuka na pembe za ndovu na watumwa, mashamba ya miwa kando ya mto yakilimwa na hao watumwa, majahazi yakisubiri upepo. Hapa ndipo mwaka 1888 yalipoanza mapambano dhidi ya kampuni ya Wajerumani yaliyoongozwa na Abushiri bin Salim, mwenye shamba wa papa hapa, na hapa ndipo aliponyongwa Desemba 1889. Kisha Wajerumani wakaijenga reli yao kutoka Tanga, wakianza mwaka 1893, na mizigo ikaifuata reli. Mto wa Pangani una fungu la mchanga mdomoni, meli kubwa haziingii. Ukimya ninaoulipia nauli, alisema mzee, ni ukimya wa duka lililohamiwa na wateja. Nilimwelewa, lakini sikuacha kuufurahia.

Na kwa hakika niliufurahia. Jioni ya kwanza nilikaa na mwanangu Kassimu, aliyekuwa na miaka tisa, juu ya ukingo wa mto, akaninong'oneza kwamba ameona mamba. Hakuwa mamba, lilikuwa gogo, ingawa mamba wamo kweli katika mto ule. Lakini mimi sikulishughulikia gogo. Nilikuwa nimeusikia mnong'ono wa mtoto, kitu ambacho nyumbani kwetu, karibu na barabara kuu, kilikuwa kimenipita kwa muda nisioujua.

Siku ya pili mvuvi alitupeleka Maziwe, mimi na watoto. Miaka ya 1960 kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje, na kasa wakitaga humo kwa wingi. Mchanga ulimomonyoka, miti ikaanguka, na leo ni fungu jeupe linalojitokeza maji yakipwa na kumezwa yanapojaa. Kasa bado hupanda kutaga juu ya mchanga ule ule ambao bahari itaufunika, kwa hiyo watu wa Ushongo huyahamisha mayai hadi pwani ya bara. Zuhura, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliuliza maswali njia nzima, na mimi niliyajibu yote, maana niliyasikia yote. Nilirudi mjini nikiwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili yenye uani. Nilipoingia uani siku ile na samaki wetu mkononi, Mama Zuhura alikuwa ameinama anapuliza jiko la mkaa. Kando yake palikuwa na ndoo za maji alizoamka alfajiri kuzijaza, kwa kuwa bomba lilitoka maji alfajiri tu. Palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, na nguo zetu za bahari alizokwisha kuzifua zikakaukia kambani. Migahawa ilikuwa michache, nami nilikwisha kupiga hesabu kwamba kujipikia ni nafuu. Alipokea samaki, akachukua kisu, akaanza kuwapara. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa:

"Baba Zuhura, wewe umekuja likizo. Mimi nimehamisha jiko tu."

Nyumbani ningemwambia arudie. Pale sikuwa na kisingizio hicho. Palikuwa kimya, na nililisikia kila neno.

Ningependa kukuambia, ndugu msomaji, kwamba nilivua shati nikashika kisu. Sikufanya hivyo. Nilikaa juu ya kigoda nikamtazama, nikajaribu kuhesabu ni lini alipata kukaa bila kazi tangu tufike, nikaona kwamba ni ndani ya basi tu. Hata kule Maziwe hakwenda, maana alisema atabaki kuangalia maharage. Na mimi nilikubali upesi, kwa sababu mashua ilikuwa ndogo. Siku tatu zilizobaki tulikula mgahawani mchana, fedha zikapungua mapema, nasi tukarudi Morogoro siku moja kabla ya mpango.

Mwaka uliofuata, Desemba 2019, sikuulizwa na sikuuliza. Tulikwenda Nungwi.

Sitausifu mno mji huo wala kuubeza. Ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa vyombo ambacho, tangu Zanzibar ilipoelekea utalii bei ya karafuu ilipoanguka, kimezungukwa na hoteli upande wa bahari. Hoteli hizo bei zake wakati ule zilitajwa kwa dola, na si za mfumaji. Lakini nyuma yake, ndani ya kijiji, watu wana vyumba, na shemeji yangu alitupatia kimoja kwa bei ya binadamu. Anayefikia huko ndani akumbuke kwamba yuko kwenye mitaa ya watu wenye heshima zao: vazi la ufukweni huishia ufukweni. Bahari ya upande ule haiendi mbali inapokupwa, tofauti na pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ambako maji hurudi nyuma mwendo mrefu, wakina mama wakashuka na kamba zao kulima mwani, na mtoto aliyekuja kuogelea akabaki kutembea topeni. Watoto wetu walikaa majini tangu asubuhi mpaka vidole vyao vikakunjamana kama vya vikongwe.

Na Mama Zuhura? Mama Zuhura hakuwasha jiko hata mara moja. Asubuhi ilikuwa chapati na maharage ya nazi kwa mama ntilie wa pembeni, mchana chochote, jioni pweza na mihogo ya kuchoma kwenye vibanda. Alikaa kitako juu ya mkeka na mdogo wake, miguu ameinyosha mbele, wakasimuliana habari za miaka sita. Alizungumza na wauza vitenge, akawafundisha namna ya kukata shingo ya gauni. Alizungumza na mama mmoja wa Kizungu kwa muda wa saa nzima, ilhali hapakuwa na lugha baina yao. Usiku muziki ulitoka hoteli tatu kwa pamoja, kila mmoja na wimbo wake. Yeye alitikisa kichwa akifuata wote.

Mimi nilikuwa nimerudi kiwandani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa masikioni mwangu. Palipo na makelele, sauti nyembamba hunipotea kabisa. Niliketi katikati ya familia yangu nikiona midomo ikienda, nikiona mke wangu akicheka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu harusi ya kaka yake, na sikujua anachekea nini. Niliisoma midomo kama tunavyofanya ukumbini, lakini shemeji yangu huzungumza akigeuka-geuka. Usiku wa tatu nilitoka nikaenda kulala mapema. Mtoto wangu Zuhura alinifuata akaniuliza kama nimekasirika. Ilibidi aulize mara mbili.

Sasa utaniuliza, basi dawa yake ilikuwa nini? Haikuwa kubwa. Kesho yake niliamka alfajiri, kabla wenye muziki hawajaamka, nikashuka pwani ambako mafundi wa Nungwi huunda majahazi juu ya mchanga. Hawatumii ramani, wanalipima umbo kwa jicho. Fundi mmoja alikuwa akitia kalafati: anachukua nyuzi za pamba zilizolowana mafuta, anazisukuma baina ya mbao kwa patasi na nyundo, taratibu, kisha anasogea hatua moja. Pamba! Niliinama kutazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Nimeitia pamba katika mitambo maisha yangu yote, wala sikujua kwamba ndiyo inayoizuia bahari isiingie chomboni.

Alfajiri ya pili Mama Zuhura alinifuata. Hakuwa na moto wa kuwasha wala ndoo ya kujaza, kwa hiyo aliweza kuja. Tulitembea hadi karibu na mnara wa taa, ambako kuna bwawa la bahari wanamotunzwa kasa, na tukarudi. Kwa saa moja na nusu pwani ile ya makelele ilikuwa kimya kama Pangani. Alinieleza aliyokuwa akiyachekea. Mengi yalinihusu mimi. Aliniambia pia jambo ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka: kwamba anataka kuitoa cherehani barazani, apange chumba sokoni na wenzake wawili, kwa sababu ule upweke wa mchana unamla. Pangani hakupata nafasi ya kuniambia. Alikuwa ameinama jikoni. Jioni ya Nungwi angeniambia, nisingesikia.

Tangu hapo, wenzangu kazini wanaponiuliza waende wapi, simjibu mtu kwa jina la mji kabla sijamwuliza kwanza kazi yake, na hasa kazi ya mkewe. Dereva wa daladala aliyeshinda mwaka mzima katikati ya honi na kelele za konda hana haja ya kupelekwa penye muziki, hata kama watoto wanaulilia. Mlinzi wa usiku, anayezungumza na tochi yake, mpelekeni kwenye watu. Mwalimu wa darasa la watoto 90 aachwe mahali ambapo hakuna anayeinua mkono. Kuhusu mama wa nyumbani, swali la kwanza si kama mji umechangamka au umetulia, bali nani atapika, na maji yatatoka wapi. Mji uliotulia aghalabu ni mji usio na vibanda vya chakula, na mzigo wa utulivu huo huangukia mgongo mmoja. Kama huwezi kulipia chakula cha kupikiwa kwa siku zote, nenda siku chache. Siku nne za kukaa kitako zinashinda kumi za kuhamisha jiko. Na popote uendapo uliza habari za kupwa na kujaa, na uliza pia muziki uko umbali gani na chumba unachopewa. Hakuna anayekuambia hilo mpaka umekwisha kulipa. Kendwa, jirani ya Nungwi, husifika kwa sherehe zake za mwezi mpevu. Basi mwenye kutaka usingizi autazame mwezi kabla ya kufunga safari.

Tofauti ya matakwa si ugomvi wa tabia, kama nilivyodhani zamani niliposema moyoni kwamba mke wangu anapenda starehe. Yeye naye alidhani mimi ni mtu wa kununa. Kila mmoja alikuwa akikitafuta kile ambacho kazi yake inamnyima.

Mambo yamebadilika tangu wakati ule. Zuhura yuko chuoni, Kassimu amenipita kimo. Mama Zuhura amepata chumba chake sokoni; wako washonaji wanne sasa, na wasichana wawili wanaojifunza, cherehani sita zikilia kwa pamoja, redio juu ya rafu, wateja mlangoni wakidai nguo za harusi za juzi. Jioni anarudi amechoka kwa namna ninayoifahamu. Mwezi uliopita alivua viatu, akaketi, akanisemesha polepole huku amenielekea uso kwa uso, kama alivyojizoeza kufanya:

"Desemba hii twende Pangani, Baba Zuhura. Nataka mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita."

Nikamwuliza habari za jiko. Akaniambia jiko lipo, na mikono yangu ipo.

Kwa hiyo kila Jumapili, mwenye zamu ya jikoni ni mimi. Wali nauweza, samaki nimekwisha kumpara bila kujikata, na nazi nakuna, ingawa mbuzi ile haikutengenezwa kwa magoti ya mtu wa umri wangu. Bado tui. Jumapili iliyopita nililichuja mara moja tu nikalimimina lote chunguni, na Mama Zuhura, aliyekuwa barazani ameinyosha miguu, alisema kitu ambacho sikukisikia vizuri. Nilikwenda hadi mlangoni kumwuliza.

"Nimesema," akarudia, "tui la kwanza huwekwa kando."

Desemba bado iko mbali kidogo.